Ukuta wa ziwani Kano: maji ya Nyando yatapita wapi?

MwanaKano (mwanzisha uzi)

Wana-Kisumu na majirani, hamjambo. Tangu Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020 hoja ya ukuta haijalala. Masika yakikaribia tu utaisikia barazani, kanisani na ndani ya matatu za Ahero: serikali itujengee ukuta wa mawe na zege kando ya ziwa, kutoka Dunga hadi mdomo wa mto Nyando, maji yakomee huko huko. Wanaoudai wamelala kambini na watoto, wamepoteza mifugo na mpunga, na wana haki ya kudai kinga. Hata hivyo naipinga hoja hiyo jinsi inavyosemwa sasa, na naomba tuichambue kabla mtu hajaigeuza ahadi ya kampeni.

Tukumbuke kwanza tumekaa wapi. Kaskazini kuna milima ya Nandi, kusini mwinuko wa Nyabondo, magharibi ziwa. Sisi tuko katikati, kwenye tambarare ya Kano isiyo na mteremko wa maana. Nyando inashuka kutoka Nandi na Kericho, Ombeyi na Awach zinashuka, Kibos na Auji zinapita pembeni mwa mji, na zote zinaelekea ziwani kupitia kwetu. Mvua kubwa ikipiga huko juu, Ahero inaweza kufurika siku ambayo kwetu jua linawaka.

Basi mafuriko yetu ni ya namna mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya mto huja usiku kwa kishindo, hubomoa, kisha baada ya siku kadhaa hupungua. Ya ziwa hupanda polepole na hukaa miezi. Mvua za 1961 zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na halikurudi lilikotoka kwa miaka mingi. Rekodi ile ilisimama hadi Mei 2020 ilipovunjwa, na 2024 maji yakapanda tena. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa ni mvua inayolinyeshea lenyewe juu, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja kule Uganda. Likijaa, limejaa.

Sasa jenga ukuta. Ziwa liko juu, limeegemea ukuta wako kwa miezi. Nyando nayo imefurika. Utaacha pengo mto upite? Maji ya ziwa yatarudi nyuma kupitia pengo hilo hilo na kutandaa vijijini. Utaziba? Basi umetufungia ndani pamoja na mto. Njia inayobaki ni kupandisha matuta kila upande wa mto, kilomita nyingi kuelekea juu, na kufanya vivyo hivyo kwa kila mto na kila mtaro. Ukuta mmoja unaozungumzwa barazani ni kuta nyingi, na hakuna anayewaambia watu hivyo.

Halafu kuna mvua inayotunyeshea sisi wenyewe. Hiyo itatolewa kwa pampu. Kama unadhani natia chumvi, nenda ukaulize wakulima wa skimu ya West Kano. Pale maji ya kumwagilia mpunga hupandishwa kwa pampu kutoka ziwani, na maji yaliyotumika hurudishwa ziwani kwa pampu pia, kwa sababu hayawezi kutoka yenyewe. Umeme ukikatwa, maji yanakaa. Hiyo ni skimu yenye mipaka na wafanyakazi. Tambarare nzima ya Kano itasukumiwa maji na nani, na bili italipwa na nani mwaka wa kumi?

Kwa hiyo swali langu kwa kila anayetaka ukuta ni hilo lililo juu ya uzi. Maji ya Nyando yatapita wapi?

Mama_Kadibo

Mwanangu MwanaKano, nimesoma yote, na umeandika kama mtu ambaye nyumba yake iko mlimani. Nisamehe nikisema hivyo, lakini uchungu ninao.

Mimi naishi upande wa ziwa. Maji ya 2020 hayakuja na mto. Yalitoka chini, kwenye udongo. Kwanza choo kilididimia, kisha kisima kikawa na harufu, kisha asubuhi moja sakafu ikawa na tope. Tulihamia shuleni, shule yenyewe ikazingirwa. Viboko walikuwa wanalisha pale nilipopanda mtama. Tulirudi nyumbani ziwa lilipotaka, na 2024 tukaondoka tena. Makaburi ya wakwe zangu na ya mume wangu yote yalikuwa chini ya maji. Unajua kwetu kaburi ni nini. Mtu anaponiambia nihame niende nikanunue shamba mahali pengine, aniambie pia nani atakaa na hawa.

Mnasema ukuta una kasoro. Nikubali. Lakini ukuta wenye kasoro na kambi yenye kipindupindu, wewe ungechagua nini kwa ajili ya wajukuu wako?

MwanaKano

Mama, shikamoo. Sikusemea mlimani, nyumbani kwetu ni Kochogo na mto umeingia boma letu. Lakini umesema jambo ambalo ndilo linanitisha zaidi kuhusu ukuta: maji yalitoka chini. Ukuta wa juu ya ardhi hauyazuii hayo. Ziwa likikaa miezi likiwa juu kuliko shamba lako, maji yanapenya chini ya msingi na kuibuka upande wa pili. Utakuwa na ukuta mbele ya nyumba na tope sakafuni. Kuzuia hilo kunahitaji msingi uchimbwe kwa kina kirefu hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji, na gharama yake si ile watu wanayoifikiria.

Kuhusu makaburi, sina jibu jepesi na sitajifanya ninalo.

BunyalaKusini

Mulembe ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Budalang'i. Sisi tumeishi na matuta ya mto Nzoia tangu miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo wacha niseme tunachokijua.

Tuta linasaidia. Asiyekubali hilo hajakaa hapa. Kuna misimu mingi ambayo mto umepita juu kuliko paa za nyumba zetu na sisi tumelala salama. Lakini lilipasuka 2003, likapasuka 2007 na 2008, na 2019 na 2020 tukarudi kambini. Na linapopasuka, hali ni mbaya kuliko kama lisingekuwepo, maana watu wamejenga hadi kwenye kisigino cha tuta wakiamini wako salama. Mto usio na tuta hukupa dalili, unaona maji yanapanda mguuni. Tuta likipasuka usiku huna hata dakika ya kufungua mbuzi.

Linapasuka kwa nini? Wageni hudhani maji hupita juu. Mara nyingi huanza padogo. Ng'ombe wanaposhuka kunywa maji kila siku mahali pamoja, wanachimba njia. Fuko na kenge wanatoboa mashimo. Mtu analima mahindi juu ya tuta kwa sababu udongo ni mzuri, mwingine anachota udongo wa kufyatulia matofali. Mradi uliolijenga umekwisha zamani, gari la mkandarasi limeondoka, na hakuna mtu mwenye mshahara wa kuzunguka kuangalia mashimo. Ndiyo maana ninapoona watu wanazozana juu ya urefu wa ukuta, nauliza nani atalipwa kuutunza.

Kitu kingine. Nzoia unabeba tope jingi kutoka huko juu. Ukiubana kati ya matuta mawili, tope halitandai tena mashambani, linatulia ndani ya mto. Sakafu ya mto inapanda mwaka hadi mwaka, na tuta linakuwa fupi bila mtu kulipunguza. Nyando yenu mnaijua rangi yake. Itawafanyia vivyo hivyo.

Kilichookoa maisha mengi kwetu ni kitu cha bei ndogo: kipimo cha maji kule juu Rwambwa na redio ya jamii, Bulala, inayotangaza kwa lugha yetu kwamba mto unakuja. Watu wanapata saa za kuhamisha wazee na mifugo.

MvuviDunga

Mnazungumza habari ya mpunga na nyumba, hamjataja samaki hata kidogo. Mimi ni mvuvi, nimekulia Dunga.

Mafunjo mnayoyaona kama kichaka cha mbu ndiyo kitalu. Ngege huingia humo kutaga na vifaranga wake hujificha humo wasiliwe na mbuta. Kamongo anaishi kwenye tope lake. Akina mama wanasuka mikeka na vikapu kwa mafunjo hayo hayo. Na yanafanya kazi ya bure ambayo ukuta hauwezi: upepo wa alasiri ukisukuma mawimbi, mafunjo yanayavunja polepole, na tope la mito linatua humo kabla halijafika ziwani. Weka zege mahali pake, wimbi linagonga, linarudi na kuchimba chini ya ukuta.

Mkitaka kuona jinsi ujenzi unavyolibadili ziwa, kumbukeni Mbita. Miaka ya 1980 walijaza mawe na udongo kuunganisha Rusinga na bara. Barabara ilipatikana, nashukuru, lakini maji yaliyokuwa yakipita kati ya ghuba yetu na ziwa kuu yalizibwa. Wavuvi walilalamika miaka na miaka kwamba maji yamelala na gugumaji limekita. Mwisho wake tuta likafunguliwa na daraja likajengwa. Je, hatukuweza kujenga daraja tangu mwanzo?

Na boti zetu zitatua wapi? Ukuta ukipita ufukweni, kila mwalo utahitaji mlango wake. Hilo sijasikia mtu akilitaja.

Fundi_Mitaro

Kazi yangu ni mitaro na kalavati, kwa hiyo nitasema machache ya kiufundi, na mengine hayatampendeza mwanzisha uzi.

Tatizo la pengo lina jibu linalojulikana. Mdomoni mwa mtaro unaweka mlango wa chuma unaobembea, unaofunguka upande mmoja tu. Maji ya ndani yakiwa juu yanausukuma na kutoka, maji ya ziwa yakiwa juu yanaufunga. Kwa mto mkubwa kama Nyando haufai, hapo ni matuta ya kando. Kwa mitaro na vijito unafaa. Shida yake hapa kwetu ni gugumaji na chupa za plastiki. Kipande kimoja kikinasa, mlango haufungi. Lazima kuwe na mtu wa kusafisha kila siku ya mvua.

Pia udongo. Udongo mweusi wa Kano huvimba ukilowa na hupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Ukuta wa zege juu ya udongo huo bila msingi wa maana utapasuka kabla ziwa halijaufikia. Tuta la udongo mwekundu uliosombwa kutoka mbali na kushindiliwa tabaka kwa tabaka linavumilia zaidi, lakini linakula ardhi: tuta la mita tatu linaweza kuhitaji upana wa mita 15 au zaidi chini. Ardhi hiyo ni mashamba ya watu.

Sasa pale ninapotofautiana nawe, MwanaKano. Unasema ukuta kama kitu kimoja, ama uwepo ama usiwepo. Kuna sehemu fupi ambazo lazima zilindwe. Mabwawa ya majitaka ya Nyalenda yako karibu na ziwa. Mtambo wa kusafisha maji wa Dunga, unaonywesha sehemu kubwa ya mji, uko jirani. Ziwa likiingia kwenye majitaka na majitaka yakaingia ziwani, mji mzima utaugua, hata wa Milimani. Kuzungushia tuta mahali kama hapo kunawezekana, kunapimika, na pampu yake si kubwa.

MwanaKano

Fundi, hapo tuko pamoja kabisa. Kuzungushia kitu kimoja, majitaka, zahanati, shule ya kukimbilia, ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Ninachokipinga ni ule ukuta mrefu wa ufukweni unaoahidi kukausha Kano yote. Hela yake ikipatikana, ningeiona ikienda juu kwanza. Bwawa la Soin-Koru, mpakani mwa Kericho na Kisumu, limezungumzwa miaka mingi kama njia ya kupunguza kasi ya Nyando kabla haijatufikia. Likikamilika litashika sehemu ya maji ya mto. Ziwa halitalishusha hata kidogo, tusidanganyane. Lakini usiku ule wa kishindo ndio unaoua, na kinga yake iko kwenye miteremko ya Nandi na Kericho, kwenye misitu na mashamba yasiyo na makingamaji.

Nakuru_Mwariki

Naomba kuchangia kutoka Nakuru, maana maneno haya yamenigusa.

Tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu. Mnakumbuka. Hapakuwa na bwawa la mtu pale. Serikali ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya njia ya maji iliyo chini yake kuziba kwa magogo na tope, yakapanda, kisha tuta likaachia alfajiri watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 40 walikufa. Miaka sita kabla ya hapo, Mei 2018, tuta la bwawa liliachia Solai na kuua zaidi ya 40 vilevile. Kaunti yetu imezika watu wengi kwa sababu ya udongo uliosimamishwa kuzuia maji bila mtu wa kuuangalia. Tuta lolote ambalo tundu lake limeziba limeshakuwa bwawa, hata kama halikuchorwa hivyo. MwanaKano anauliza maji yatapita wapi, na sisi tumeshaona jibu likitokea usiku.

Ziwa letu nalo limepanda tangu 2010 au karibu na hapo, kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la hifadhi na ofisi zilimezwa, wakahamisha. Halina mto wa kutokea, hivyo hakuna wa kulifungulia. Majirani zetu wa Kihoto kule Naivasha wameona maji yakiingia madirishani. Kwetu hakuna aliyeamini ukuta ungetosha. Shirika la wanyamapori lilisogeza lango lake kwa kuwa lina ardhi ya kusogea. Mwenye ploti ya hamsini kwa mia hana pa kusogea, na huko ndiko mjadala unapopaswa kukaza.

Mama_Kadibo

Huyu wa Nakuru amenitoa machozi. Mungu awapumzishe.

Lakini bado mnanizungusha. Bwawa liko juu, halitashusha ziwa, mmesema wenyewe. Ukuta wa majitaka ni wa mji. Redio itaniambia nikimbie. Nikimbilie wapi? Mimi sina hati ya shamba. Jina lililoko kwenye hati ni la babu ya mume wangu. Mkisema fidia, itakwenda kwa nani?

MwanaKano

Mama, hapo ndipo pa kusimama, na wengi hawapajui. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma itamlipa fidia ya haki na bila kuchelewa. Na kinaendelea kusema kwamba fidia inaweza kutolewa pia kwa mtu anayekaa kwenye ardhi hiyo kwa nia njema bila kuwa na hati. Neno ni "inaweza", kwa hiyo haiji yenyewe, lazima idaiwe mapema na kwa maandishi. Wewe na watoto anzeni sasa shauri la urithi ili hati itoke kwa babu ije kwenu, kwa sababu iwe ni tuta linalokula shamba au ni kuhamishwa, asiye kwenye karatasi husahaulika. Chifu anaweza kukuandikia barua ya kuanzia inayowataja warithi wote.

Jambo la pili. Mradi wowote wa namna hii lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na maoni ya umma yachukuliwe. Tusisubiri siku ya kuitwa tukapewa soda na karatasi ya kutia sahihi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Naandaa barua kwa kaunti na kwa mamlaka ya rasilimali za maji: kama kuna mchoro wowote wa ukuta tuonyeshwe, milango ya maji iko wapi, nani atalipa umeme wa pampu, nani atalipwa kutunza, mialo itafunguliwa wapi, mafunjo mangapi yatakatwa, na makaburi yaliyo kwenye njia ya tuta yatashughulikiwaje. Hilo la mwisho nimeliweka kwa ajili yako, mama.

Mama_Kadibo

Nimeshukuru. Mimi bado naomba ukuta, usije ukaandika kwamba nimekubaliana nawe. Lakini tia jina langu kwenye barua. Nataka kuona mchoro.

Fundi_Mitaro

Ongezeni jambo moja litakalowasaidia kuliko hotuba. Kila mtu aliye Kadibo, Nyamasaria, Nyakach na Usoma apige picha alama ya maji ukutani kwake, ya 2020 na ya 2024, aweke futi kando yake na aandike jina la kijiji. Nyingi bado zinaonekana kwenye plasta. Wakija na mchoro wenye urefu wa ukuta, tutaulinganisha na alama zetu.

MvuviDunga

Za Dunga nitakusanya mimi. Kwenye mabanda ya samaki zipo wazi.

BunyalaKusini

Na kwenye ile orodha ya maswali ulizeni ufunguo wa mlango wa maji utakaa kwa nani usiku, na akisafiri atauachia nani.

MwanaKano

Nimeliongeza. Barua inapelekwa Jumatatu, anayetaka kutia sahihi anitumie ujumbe kabla ya Jumapili jioni. Picha za alama ziwekeni hapa hapa chini, moja moja, na jina la kijiji.